Kitambulisho na Utambulisho: Suala la Kumthibitisha Mlalamikaji katika Kupinga Makosa ya Ripoti za Mikopo Afrika Mashariki

Ikisiri

Mashirika ya marejeleo ya mikopo yamekuwa sehemu ya maisha ya mwananchi wa Afrika Mashariki kwa zaidi ya mwongo mmoja. Sheria za nchi za ukanda huu zinampa mkopaji haki ya kupinga taarifa isiyo ya kweli iliyoandikwa juu yake, lakini haki hiyo haianzi kufanya kazi mpaka athibitishe kwamba yeye ndiye. Makala haya yanachunguza sharti hilo. Yanatumia tofauti ya kimaana iliyopo kati ya maneno kitambulisho na utambulisho kuonyesha kwamba ndani ya pingamizi moja mna maswali mawili: anayelalamika ni nani, na deni lililoandikwa ni la nani? Kwa kurejelea desturi za majina za ukanda huu, historia ya kadi ya kifedha ya Uganda, na kesi iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2021, makala yanatoa hoja kwamba ushahidi wa swali la kwanza hauwezi kujibu swali la pili, na kwamba anayembandika mtu deni hapaswi kudaiwa ushahidi mdogo kuliko yule anayetaka kulibandua.

Maneno muhimu: utambulisho, kitambulisho, majina ya watu, ripoti ya mikopo, ulinzi wa data

1. Utangulizi

Shirika la marejeleo ya mikopo ni taasisi inayokusanya kutoka kwa benki na wakopeshaji wengine habari za namna watu wanavyokopa na kulipa, kisha huziuza habari hizo kwa wakopeshaji wanaotaka kumjua mwombaji kabla ya kumpa fedha. Nchini Uganda mfumo huu ulianza kazi mwaka 2008; nchini Kenya kanuni zake zilianza kutumika mwaka 2009. Tanzania ilitoa kanuni zake mwaka 2012, na Rwanda nayo ina sheria inayousimamia mfumo wa taarifa za mikopo. Kwa wasemaji wengi wa Kiswahili, hasa nchini Kenya, herufi tatu CRB zimeingia katika mazungumzo ya kila siku, na mtu aliyeandikwa kwamba hakulipa husemwa kuwa "yuko CRB".

Uzito wa kuandikwa huko hauishii kwenye mlango wa benki. Nchini Kenya, mwombaji wa kazi ya umma amekuwa akitakiwa kuambatisha cheti cha shirika la marejeleo pamoja na vyeti vya kodi, vya mkopo wa elimu na vya mwenendo mwema. Kwa hiyo kosa lililomo katika jalada la mikopo linaweza kumnyima mtu mtaji, nyumba ya kupanga au kazi. Ndiyo maana Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 35, inampa kila mtu haki ya kusahihishiwa au kufutiwa habari isiyo ya kweli au ya kupotosha inayomwathiri. Sheria za ulinzi wa data za Kenya na Uganda za mwaka 2019, ya Rwanda ya mwaka 2021 na ya Tanzania ya mwaka 2022 nazo zinatambua haki ya mhusika kusahihisha data zake.

Haki hizo zote zina mlango mmoja. Kabla shirika halijamfungulia mlalamikaji jalada, sharti lijue kwamba yeye ndiye mwenye jalada. Sharti hilo ni la haki, kwa kuwa bila hilo jirani, mwajiri au mume aliyetengana na mkewe angeweza kusoma madeni ya mwenzake na hata kuyabadilisha. Hata hivyo, jinsi sharti hilo linavyotekelezwa huweza kumfungia mlango mtu yuleyule ambaye sheria ilikusudia kumlinda.

2. Maneno mawili, maswali mawili

Kiswahili kina hazina inayosaidia kulieleza tatizo hili. Kutokana na kitenzi tambua hupatikana tambulisha, yaani kumfanya mtu atambuliwe. Kutokana na tambulisha hupatikana nomino mbili. Kitambulisho, katika ngeli ya KI-VI, ni kitu: kadi, pasipoti, cheti. Utambulisho, wenye kiambishi u-, ni hali au tendo: kule kuwa mtu fulani na kutambuliwa hivyo. Kitambulisho huweza kupotea, kuibwa, kunakiliwa au kuandikwa vibaya. Utambulisho wa mwenye nacho haupotei kwa sababu hiyo.

Tofauti hii inalingana na maswali mawili yaliyomo katika kila pingamizi. Swali la kwanza ni: je, mtu huyu anayelalamika ndiye anayesema yeye ni nani? Kitambulisho kinaweza kulijibu. Swali la pili ni: je, deni lililoandikwa chini ya jina au namba hii lilikopwa na mtu huyu? Hapa kitambulisho hakitoshi, kwa kuwa swali haliulizi mlalamikaji ni nani bali linauliza aliyekopa alikuwa nani. Maswali haya yakichanganywa, mlalamikaji huambiwa alete nakala ya kadi, naye huileta. Kisha huambiwa kwamba namba ya kadi yake inalingana na namba iliyo kwenye deni, hivyo deni ni lake. Ushahidi alioleta kujitetea unageuzwa kuwa ushahidi wa kumshitaki.

Lugha ya mtaani nayo inafichua jinsi tatizo linavyoeleweka. Mtu anayetaka kuondolewa kwenye orodha husema anataka "kusafisha jina". Katika makosa mengi, jina lenyewe halina doa. Kilichokosewa ni uhusiano uliotiwa kati ya jina hilo na deni. Anayedhani jina lake limechafuka huwa mwepesi wa kulipa deni lisilo lake ili apate cheti, au kumpa wakala asiyejulikana kadi yake na fedha ili "alisafishe".

3. Aina nne za makosa na ushahidi unaohitajika

Makosa ya ripoti za mikopo yanaweza kugawanywa katika aina nne kwa kuangalia kila moja linadai uthibitisho gani.

Aina ya kwanza ni kosa la maelezo. Mkopo ni wa mlalamikaji kweli, ila umeandikwa kwamba haujalipwa ilhali ulilipwa, au kiasi kimezidishwa. Hapa utambulisho haubishaniwi. Kitambulisho kinatosha kufungua jalada, na ushahidi wa msingi ni stakabadhi za malipo au barua ya mkopeshaji ya kumaliza deni.

Aina ya pili ni mchanganyiko wa majalada. Watu wawili wenye majina yanayofanana wameunganishwa kuwa mmoja. Kinachohitajika ni kuonyesha tofauti: namba ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa, jina la baba, makazi ya wakati mkopo ulipotolewa. Kadi ya mlalamikaji ni nusu tu ya ushahidi huo. Nusu ya pili, yaani data za yule mkopaji mwingine, iko mikononi mwa mkopeshaji, na mlalamikaji hana njia ya kuipata.

Aina ya tatu ni wizi wa utambulisho. Mtu mwingine amekopa kwa kutumia kadi au namba ya mlalamikaji. Hapa namba inalingana, jina linalingana na tarehe ya kuzaliwa inalingana, kwa sababu hivyo ndivyo vilivyoibwa. Kuomba kitambulisho zaidi ni kuuliza swali ambalo mwizi naye angelijibu vizuri. Ushahidi wenye uzito ni ule unaomfuata mkopaji halisi: saini iliyo kwenye mkataba, laini ya simu iliyopokea fedha na jina la aliyeisajili, akaunti fedha zilikoingia, mahali na siku. Taarifa iliyotolewa polisi na hati ya kiapo huongeza nguvu, kwa kuwa zinamweka mlalamikaji chini ya wajibu wa kisheria kwa anayoyasema.

Aina ya nne ni mgawanyiko wa jalada. Mtu mmoja amehesabiwa kuwa wawili kwa sababu aliolewa, alibadili dini, au aliandikwa kwa tahajia nyingine. Historia yake nzuri ya kulipa imebaki kwenye jina la zamani, na jina jipya linaonekana kama la mtu asiyewahi kukopa. Kinachohitajika ni daraja kati ya majina mawili: cheti cha ndoa, hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, au kiapo kwamba majina hayo ni ya mtu mmoja.

4. Majina ya Afrika Mashariki mbele ya fomu

Aina ya pili na ya nne huzidishwa na jambo ambalo wanaisimu wa Kiswahili wana nafasi nzuri ya kulieleza. Fomu nyingi za kibenki zimejengwa juu ya dhana kwamba kila mtu ana jina lake na jina la familia linalorithiwa bila kubadilika. Dhana hiyo hailingani na desturi nyingi za ukanda huu.

Katika pwani na sehemu kubwa ya Tanzania, mtu huandikwa kwa jina lake, la baba na la babu. Tuseme mtu anaitwa Ali Hamisi Juma. Mtoto wake wa kiume akiitwa Juma, huyo ni Juma Ali Hamisi. "Jina la mwisho" la baba ni Juma na la mwana ni Hamisi, ingawa ni ukoo mmoja. Karani mmoja akiandika majina mawili ya kwanza na mwingine akaandika la kwanza na la tatu, mtu mmoja huyo hupata rekodi mbili. Nchini Rwanda na Burundi, kwa desturi, kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, na ndugu wa baba mmoja na mama mmoja huweza kutoshiriki jina lolote. Jina hilo mara nyingi hutangulia lile la ubatizo, hivyo mfumo unaodhani kwamba jina la kwanza ndilo la mtu na la pili ndilo la ukoo huyageuza majina.

Tahajia nayo ina sehemu yake. Jina moja la asili ya Kiarabu huandikwa Muhammad, Mohamed au Mohammed; jingine Abdalla, Abdallah au Abdullah. Jina moja la Kikalenjin huandikwa Chepkemoi au Jepkemoi. Katika lugha kadhaa za Kibantu sauti za l na r hupishana, na karani aliyezoea lugha nyingine huandika anavyosikia yeye. Tarehe ya kuzaliwa, ambayo ingetofautisha wenye majina yanayofanana, si msaada wa uhakika kwa wazee, kwa kuwa wengi wao waliandikishwa kwa mwaka tu au wakapewa tarehe 1 Januari.

Kwa sababu hizi, tofauti ya herufi moja kati ya kadi na ripoti haipaswi kuchukuliwa moja kwa moja kuwa dalili ya udanganyifu, na kufanana kwa majina mawili hakupaswi kuchukuliwa kuwa dalili ya mtu mmoja.

5. Kutoka jina hadi alama ya kidole na namba

Uganda inatoa mfano muhimu wa namna ya kuukabili udhaifu wa jina. Mfumo ulipoanza mwaka 2008, nchi hiyo haikuwa na kitambulisho cha taifa kilichoenea kwa wananchi. Shirika la Compuscan, lililopewa leseni ya kwanza, lilisajili wakopaji kwa kuchukua alama za vidole na kuwapa kadi ya kifedha. Kwa maneno ya makala haya, Uganda ililazimika kuanza na utambulisho kabla ya kupata kitambulisho: kilichomfunga mkopaji na deni kilikuwa mwili wake. Usajili mkubwa wa kitambulisho cha taifa ulifanyika kuanzia mwaka 2014, na Sheria ya Usajili wa Watu ikatungwa mwaka 2015.

Leo kila nchi inaelekea kwenye namba. Ya Uganda ina tarakimu na herufi 14, ya Rwanda tarakimu 16, ya Tanzania tarakimu 20. Namba hupunguza mchanganyiko wa majina, lakini huleta matatizo mawili. La kwanza ni kwamba namba haimwoni mtu. Mkopo wa simu, ambao nchini Kenya ulienea baada ya kuanzishwa kwa M-Shwari mwaka 2012, hutolewa bila mkopaji kukutana na ofisa yeyote. Anayeishika laini iliyosajiliwa kwa namba ya mtu mwingine anaweza kukopa kwa utambulisho wa mtu huyo. La pili ni kwamba namba haivuki mpaka. Tangu mwaka 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wameruhusiwa kusafiri baina ya nchi hizo kwa vitambulisho vya taifa. Mfanyabiashara aliyekopa Kigali kwa namba moja na Kampala kwa hati nyingine hurudi kutegemea jina, pamoja na udhaifu wake wote.

6. Mizani ya ushahidi: funzo la kesi ya Ramirez

Swali la nani adaiwe ushahidi gani lilijitokeza wazi katika kesi iliyoanzia Marekani. Kesi hiyo inaihusu Afrika Mashariki kwa sababu kampuni iliyoshitakiwa, TransUnion, jina lake liko pia katika mashirika ya marejeleo ya Kenya na Rwanda.

Mwaka 2011 Sergio Ramirez alikwenda kununua gari katika duka moja la California. Muuzaji alipoiomba ripoti yake ya mikopo, ilitoka na onyo kwamba jina lake linalingana na jina lililomo katika orodha ya serikali ya watu wanaoshukiwa kuwa magaidi na walanguzi wa dawa za kulevya. Muuzaji alikataa kumuuzia, na gari likanunuliwa kwa jina la mkewe. Ilibainika kwamba programu iliyotumiwa ililinganisha jina la kwanza na la mwisho tu, bila kuangalia data nyingine yoyote. Kesi ilipanuka ikawahusu watu 8,185 waliopachikwa onyo kama hilo. Mwezi Juni 2021 Mahakama ya Juu iliamua, kwa kura 5 dhidi ya 4, kwamba ni wale 1,853 tu ambao ripoti zao zilikwisha kupelekwa kwa watu wengine walioweza kudai fidia kwa onyo hilo.

Linganisha na anachodaiwa raia katika nchi hiyohiyo. Kanuni za utekelezaji wa sheria yao ya ripoti za mikopo, iliyotungwa mwaka 1970, zinataja mifano ya data ambazo shirika linaweza kumwomba mtu ili kumlinganisha na jalada lake: jina kamili, majina ya awali, anwani ya sasa na za zamani, namba yote ya hifadhi ya jamii na tarehe ya kuzaliwa. Zaidi ya hayo linaweza kuomba nakala ya kitambulisho cha serikali au bili za umeme na maji. Basi ili kumhusisha mtu na orodha ya magaidi majina mawili yalitosha. Ili kusoma jalada lake mwenyewe anaweza kuombwa data tano na nyaraka juu yake. Mizani hiyo imeinama upande mmoja.

Hata hivyo sheria hiyohiyo ina kipengele kinachofaa kuigwa. Shirika lina siku 30 za kuchunguza pingamizi. Likitaka kuliacha kwa sababu mlalamikaji hakutoa maelezo ya kutosha, lazima limjulishe ndani ya siku 5 za kazi, limweleze sababu na limtajie ni maelezo gani yanayokosekana. Ukimya hauruhusiwi kuwa jibu.

7. Kuandaa pingamizi

Kutokana na uchambuzi huu, pingamizi lenye nguvu hutenganisha maswali mawili tangu mwanzo. Hatua ya kwanza ni kupata ripoti yenyewe na kutambua kosa ni la aina ipi kati ya zile nne. Katika sehemu ya kwanza ya barua, mlalamikaji hujitambulisha: majina yote kama yalivyo kwenye kadi, majina mengine yote aliyowahi kuandikwa, namba, tarehe ya kuzaliwa na simu, pamoja na nakala ya kadi. Katika sehemu ya pili hutaja deni moja moja, mkopeshaji, kiasi na tarehe, na kueleza kosa lilipo. Katika sehemu ya tatu huuliza kwa maandishi: deni hili lilihusishwa nami kwa data zipi? Swali hili huurudisha mzigo kwa aliyeandika deni, kwa kuwa mkopeshaji ndiye mwenye mkataba, saini na kumbukumbu za malipo.

Kwa anayeshuku wizi, ni busara kuhakiki kwanza laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Nchini Kenya na Tanzania hilo hufanywa kwa kubonyeza *106# kwenye simu. Nakala ya kadi inayotumwa iandikwe juu yake kusudi na tarehe, kwa mfano "kwa pingamizi la ripoti ya mikopo tu", bila kufunika picha wala namba, na ipelekwe kwa shirika au mkopeshaji moja kwa moja. Barua ya kupokelewa itunzwe, maana siku za uchunguzi huhesabiwa kutoka hapo.

8. Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba sharti la kujithibitisha ni la lazima, ila linafaa kwa swali moja tu kati ya mawili. Kitambulisho kinamfikisha mlalamikaji mlangoni. Hakiwezi kusema nani alikopa. Mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, mashirika yasimwandike mtu deni kwa jina pekee, na yaweze kutaja, yakiulizwa, data zilizotumika kumhusisha nalo. Pili, mlalamikaji anayekataliwa kwa upungufu wa ushahidi aambiwe kwa muda uliowekwa ni ushahidi gani unaokosekana. Tatu, wataalamu wa istilahi za Kiswahili wa ukanda huu wasanifu fomu ya pamoja ya pingamizi ambayo, badala ya "jina la kwanza" na "jina la mwisho", itauliza jina la mtu, la baba, la babu au la ukoo kadiri ya desturi yake, na majina mengine aliyowahi kuandikwa. Fomu hiyo haitafuta deni la mtu yeyote, lakini itahakikisha kwamba anayesumbuliwa kwa deni ni yule aliyelikopa.